Metronomu ya Kuvaa: Mdundo Unaopita kwenye Ngozi

Bandari ya Bujumbura si mahali pa kusikilizana. Mizigo ya kutoka Kigoma, Mpulungu na Kalemie inashushwa, kreni zinalia, malori yananguruma. Mpiga gitaa anayefanya mazoezi jirani na hapo akiwasha metronomu ya simu, tik-tik yake inamezwa na kelele. Akivaa spika za masikioni na kuongeza sauti, anaumiza masikio na hasikii vizuri ala yake mwenyewe.

Tangu Johann Maelzel alipojipatia hataza ya metronomu mwaka 1815, kifaa hiki kimekuwa kikisema na sikio. Aina mpya, kama Soundbrenner Pulse, hufungwa mwilini mithili ya saa na kusema na ngozi. Mota ndogo iliyomo ndani hutetemeka kila pigo linapofika. Ngozi ina vipokezi vinavyohisi zaidi mitetemo inayokaribia 250 kwa sekunde. Mtikisiko wa lori ni wa polepole kuliko mtetemo wa mota, hivyo si rahisi kuchanganya viwili hivyo.

Usikivae kwenye mkono unaopiga: kishindo cha kila pigo hufunika mtetemo. Mpiga ngoma, anayetumia mikono yote miwili, akifunge kwenye kifundo cha mguu au kifuani. Anza na mapigo 60 kwa dakika, yaani moja kila sekunde. Ukishatulia, panda taratibu. Kisha punguza msaada: kitetemeke kwenye pigo la kwanza tu la kila mzunguko, nawe ujaze yaliyobaki.

Je, kinafaa kwa ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingia mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika? Inategemea unapiga ngoma ipi. Ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka ile ya katikati, inkiranya. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, ilhali ibishikizo hufuata inachoamuru inkiranya. Anayejifunza amashakwe atanufaika sana akiwa peke yake nyumbani, kwa kuwa kazi yake ni kutoyumba. Wa ibishikizo anahitaji kitu kingine: jicho na sikio kwa kiongozi. Inkiranya ikibadilisha mdundo, naye abadilike papo hapo, na kifaa hakina habari na mabadiliko hayo. Kikundi kinapokutana, basi, kila mtu akivue.

Kipimo cha maendeleo ni chepesi. Jirekodi kwa simu ukipiga dakika mbili bila kifaa, kisha sikiliza rekodi huku metronomu ikienda kwa kasi uliyoanzia. Ukikuta umeitangulia, unakimbia, ikikutangulia, unaburura. Hapo ndipo pa kurudia wiki ijayo, kwa kasi ya chini kidogo.