Shimo la kilometa moja: furaha ao mateso?

Watu wa Mubambiro wanaijua barabara ya Sake kwa miguu yao. Kijana wa chukudu akitoka Mushaki na magunia ya viazi, anashuka na kuimba: kona, jiwe la kuepuka, mguu kwenye breki ya kipande cha pneu, kona ingine. Kisha anafika Sake, anapita Mubambiro, anaelekea Goma. Hapo hakuna tena mteremko wa kumsaidia. Ni kusukuma tu, mguu mmoja chini, kilometa zaidi ya 20. Umuulize jioni ni wapi alichoka. Wengi hawatakutajia milima.

Nimeanza na chukudu sababu swali la mwezi huu ni la mchezo wenye wengi wetu hatujauona kwa macho: gofu. Vijana wa kwaya waliona kwenye telefone shimo la gofu lenye kupita kilometa moja, wakabishana baada ya mazoezi. Mmoja alisema, “Huo ndio mchezo wa wanaume!” Mwingine akajibu, “Hiyo si mchezo, ni safari.” Basi, tuwasaidie.

Katika gofu unapiga kimpira kigumu, hakipiti gramu 46, kwa fimbo, mpaka kiingie katika kitundu chenye upana wa milimita 108. Uwanja kamili una mashimo 18. Lakini neno “shimo” halimaanishi kile kitundu tu, ni njia nzima kutoka pahali pa kuanzia mpaka kwenye bendera. Mwenye mapigo machache ndiye anashinda. Kila shimo limewekewa hesabu ya mapigo yenye mchezaji hodari anapashwa kutumia, nayo inaitwa par. Kwa kawaida ni 3, 4 ao 5. Kwa wanaume, shimo la par 5 huanza karibu na mita 430, na ni machache yenye kupita mita 600.

Msiseme ni mambo ya mbali. Kule Lubumbashi kuna mtaa mzima unaitwa Golf. Zambia, kwenye miji ya shaba kama Kitwe na Chingola, viwanja vya gofu vilikua pamoja na migodi. Kisumu, kando ya ziwa Viktoria, klabu ya Nyanza iliandika zamani sheria yenye kuchekesha: kimpira chako kikianguka karibu na kiboko ao mamba, una ruhusa kuweka kingine. Huku kwetu Mubambiro shida ingekuwa mawe. Kati ya 1938 na 1940 moto wa Nyamulagira ulishuka mpaka kwenye Kivu karibu na Sake, na juu ya mawe kama yale kimpira kingeruka kama panzi, hakuna mwenye angekiona tena.

Sasa yale marefu kabisa. Japani, kwenye uwanja wa Satsuki, kuna shimo la mita 881. Korea ya Kusini, uwanja wa Gunsan, kuna la mita 1,004. Yote mawili ni par 7.

Tufanye hesabu kama watu wa sokoni. Mchezaji wa kulipwa anapiga mita 270 kwa pigo moja. Mapigo manne yanamfikisha karibu na bendera ya Gunsan. Mtu wa kawaida anapiga mita 180; atahitaji sita. Mama, mzee ao mtoto mwenye kupiga mita 120 atahitaji tisa mbele hata ya kuanza kutafuta kitundu. Na yale mapigo ya katikati yanafanana: piga, tembea, piga, tembea. Ukikosea la pili, unatembea nusu saa na uchungu wako. Mwenye nguvu anasema shimo ni zuri. Mwenye mikono mifupi amefungiwa mlango.

Kwa hiyo urefu ni mbaya? Hapana, ndugu zangu. Kule Marekani, shimo la 13 la Augusta linapendwa sana, nalo ni par 5. Kuna kijito mbele ya bendera. Ukishapiga la kwanza vizuri, unasimama na kujiuliza: nivuke sasa kwa pigo moja kubwa, ao nibaki ng’ambo hii nivuke polepole? Tamaa na hekima zinapigana ndani ya mtu mmoja. Lakini fimbo na mipira ya siku hizi vinafikisha mbali, na wachezaji wakuu walikuwa wanavuka bila woga. Basi mwaka 2023 wenye uwanja walilirefusha, kutoka mita 466 hadi 498. Walirefusha ili lile swali lirudi.

Hapo ndipo mimi ninasimama. Shimo refu linafurahisha kama kila pigo lina swali lake: kijito, mti, mchanga, upepo. Kama swali ni moja tu, “una nguvu?”, jibu linajulikana mbele ya kuanza.

Watu wa Australia wameelewa jambo hilo kwa njia ya ajabu. Kutoka Kalgoorlie, mji wa wachimba dhahabu tangu 1893, mpaka Ceduna, walifungua mwaka 2009 uwanja wenye urefu wa kilometa 1,365! Usiogope. Mashimo yenyewe ni ya kawaida, 18 tu, yametawanywa kando ya barabara kubwa yenye kupita jangwani, penye gari linakwenda kilometa 146 bila kona hata moja. Dereva anashuka, anacheza shimo moja, ananyoosha mgongo, anaendelea. Gofu inaukata urefu wa njia usimlaze dereva.

Lakini vijana wa kwaya walisahau kuuliza juu ya mtu mmoja. Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14, na mara nyingi si yeye anazibeba. Kijana mwingine anatembea nyuma yake na mfuko begani. Kenya na Uganda, wachezaji wengi wa kulipwa walianza hivyo, kwa kubeba na kuangalia. Kijana huyo kwa kawaida analipwa kwa mzunguko, si kwa mita. Shimo likirefushwa, mfuko haupungui, wala franga haziongezeki.

Wazee wa Walikale watamwelewa upesi. Miaka ya 2000, wabebaji walitoka Bisie na kilo 50 za kasiterite mgongoni, karibu siku mbili katika msitu mpaka kufikia barabara. Njia ile ilikuwa na maswali mengi: tope, mito, vizuizi vya wenye bunduki. Sijasikia mmoja wao akisema ilimfurahisha. Vijana wakirudi kwenye ubishi wao, wamuulize kwanza mwenye mfuko.