Nyumba Yenye Milango 65,535

Ofisi yetu ina kompyuta tano. Mwaka mmoja fundi alifungua mlango namba 3389 ili mhasibu afanye kazi akiwa nyumbani. Kazi ikaisha, mlango ukasahauliwa. Asubuhi moja tukakuta hesabu za miaka mitatu zimetiwa kufuli na wezi, wanadai fedha. Hatukulipa, wala hesabu hatukuzipata tena.

Si mlango wa mbao huo. Kompyuta hupokea mawasiliano kwa milango yenye namba, nayo hufika 65,535. Mlinzi wake huitwa fayawoli: programu au kifaa kinachokaa kati ya mtandao wako na intaneti, kikikagua kinachoingia na kutoka.

Je, mlinzi huyu apewe amri gani? Akipewa orodha ya wezi, haitakwisha. Amri iwe moja: wa nje wasiingie, ila pale tulipokubaliana. Mei 2017 kirusi WannaCry kilipenya kwa mlango namba 445, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Mlango huo ni wa kugawana mafaili ndani ya ofisi. Wa nje hana haja nao.

Ruta nyingi huja na fayawoli ndani yake. Badilisha neno la siri la kiwandani, kisha weka nakala ya hesabu mbali na mtandao, maana fayawoli haimzuii mwizi uliyemfungulia mwenyewe.

Basi kesho muulize fundi wako: mlango upi uko wazi, na kwa faida ya nani?