Foku ya Pikipiki Kuukuu: Tusitupe Pesa Mpakani



Wengi wetu tunaotoka Iyolwa kwenda viwandani Tororo tunapanda pikipiki kuukuu. Foku ya mbele ikivuja oili, tunaambiwa twende Busia tukanunue foku nzima. Mara nyingi kilichokufa ni sili mbili tu, yaani ile mipira inayozuia oili isitoke kwenye miguu ya foku.

Kwanza, tukague mabomba ya ndani. Kutu yenye vishimo hukata sili mpya upesi. Tulibiringishe bomba juu ya kioo, likiyumba, limepinda. Bomba la namna hiyo libadilishwe, tusilinyoshe kwa nyundo.

Pili, tupime kabla ya kununua. Sili huandikwa namba tatu. Ikiwa 31-43-10.3, bomba ni milimita 31, tundu inamokaa ni 43, na unene ni 10.3. Pikipiki nyingi za Kichina zimeigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuundwa mwaka 1976, lakini kufanana sura si kufanana kipimo. Tubebe sili ya zamani hadi dukani, upande wowote wa mpaka.

Tatu, tubadilishe sili zote mbili, na oili iwe sawa katika kila mguu.

Tusilipuuze jambo hili. Oili ikiingia kwenye breki, pikipiki haishiki, na nyumbani wako wanaotungoja. Wenye pikipiki za aina moja tuchange, tununue spea kwa pamoja. Mmoja huuziwa kwa bei ya dukani. Kumi huelewana bei.

Umoja ni nguvu.