Chupa ya simbilisi isioshwe pamoja na vyombo

Mtoto anayefuga simbilisi hukumbuka majani, akasahau chupa ya maji. Mnyama huyu anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonekana mgonjwa, nao huwapa watu homa na kuhara, hasa watoto wa chini ya miaka 5.

Bakuli huchafuka haraka kwa kinyesi. Afadhali chupa ya kuning'iniza yenye mrija wa chuma na gololi mdomoni. Simbilisi wa kilo 1 huhitaji takriban mililita 100 kwa siku. Itundike kivulini, juani huota ukijani ndani.

Kila siku mwaga maji yaliyobaki, sugua kwa brashi na sabuni, suuza. Kisha bonyeza gololi uone kama maji yanatoka. Ardhi ya Pongwe ni ya mawe ya chokaa, na maji yapitayo humo huacha ukoko mweupe, kama ule wa kwenye birika. Mrija ukiziba, mnyama hufa kwa kiu na chupa imejaa. Uloweke kwenye siki, usuuze vizuri.

Oshea nje, kwenye beseni lake. Mtoto anawe mikono kwa sabuni. Akiharisha damu au akipata homa, mwahishe kituo cha afya, na umweleze daktari kwamba nyumbani mnafuga simbilisi.