Mgonjwa anapoongezwa damu, usimwache peke yake

Ukiuguza mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, moyo hutulia pale mfuko wa damu unapotundikwa. Wengi huona kazi imekwisha, wakatoka kutafuta uji. Lakini damu isipoafikiana na mgonjwa, madhara makubwa mara nyingi huanza ndani ya dakika 15 za mwanzo.

Ulinzi unaanza kabla damu haijafunguliwa. Majina yetu yanafanana. Wodi moja yaweza kuwa na akina Mwajuma Juma wawili. Nesi akiuliza, usiitikie tu "ndiyo". Litaje jina kamili, mpaka la babu, naye alilinganishe na faili na karatasi ya kwenye mfuko. Damu ya kundi lisilomfaa yaweza kumuua mtu.

Hapa Kiomboi, juu kwenye uwanda wa Iramba, tunaijua baridi ya Juni na Julai. Mgonjwa akitetemeka, jamaa humwongezea blanketi. Kumbe kutetemeka wakati damu inaingia kunaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe! Mwite nesi kwanza, blanketi baadaye. Mwite pia mgonjwa akipata homa ghafla, akihema kwa shida, akilalamika kiuno au kifua, akiwashwa na kutoka vipele, au mkojo ukiwa mwekundu au mweusi. Mtoto mchanga hasemi. Yeye hulia asitulie. Mfunue umtazame ngozi.

Nesi ataifunga damu hiyo papo hapo, mshipa auachie maji ya chumvi, amwite daktari, na mfuko urudishwe maabara kuchunguzwa. Usione haya kumsumbua. Yeye mwenyewe anatakiwa kupima joto, mapigo ya moyo na presha kabla ya kuanza, baada ya dakika 15, na kuendelea mpaka mwisho. Ila usiku wodi ikijaa, macho yako yanamsaidia.

Usiuchovye mfuko kwenye maji ya moto ili damu "ipoe ubaridi", wala usilegeze dripu ili iishe haraka. Damu nyingi kwa kasi huulemea moyo, hasa wa mtoto. Mfuko mmoja huruhusiwa kwenda hadi saa 4, haupitishwi hapo.

Ukitoka kwenda kuswali, mwachie mwenzako zamu, umwambie damu ilianza saa ngapi.