Strima na amplifaya: usilipie kitu kimoja mara mbili

Mnunuzi wa strima, yaani chombo kidogo kinachovuta muziki kutoka kwenye intaneti na kuupeleka kwenye amplifaya, anashauriwa kukagua kwanza mgongo wa amplifaya aliyonayo kabla ya kutoa fedha.

Muziki wa intaneti huja kwa tarakimu. Kigeuzi, ambacho kwenye vyombo huandikwa DAC, ndicho huzifanya tarakimu hizo kuwa mawimbi ya umeme. Amplifaya nyingi za sasa zina kigeuzi ndani. Dalili yake ni tundu la kuingizia lililoandikwa OPTICAL au COAXIAL. Mwenye amplifaya hiyo hutoshelezwa na strima ya bei nafuu yenye tundu la kutolea la aina hiyo hiyo. Akinunua ya bei kubwa kwa ajili ya kigeuzi, analipia kazi aliyokwisha kuilipia.

Amplifaya ya zamani isiyo na tundu hilo huhitaji strima yenye kigeuzi chake. Iunganishwe kwenye AUX au CD, kamwe isiwe PHONO. Tundu la PHONO limetengenezewa milivolti chache za sindano ya santuri, ilhali strima hutoa hadi volti 2; sauti itakwaruza na spika zinaweza kuharibika.

La mwisho ni uchakavu. Chromecast Audio ya Google ilitoka mwaka 2015, na utengenezaji wake ukasimamishwa mwaka 2019. Amplifaya nzuri hudumu kwa miongo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ielekezwe kwenye amplifaya na spika.