Chambo kimetoka bila mkia? Usikitupe

Unajipikia chambo cha plastiki laini, pengine unawawinda besi wa Ziwa Naivasha, halafu kinatoka kwa kalibu bila mkia. Tulia. Plastiki hiyo huyeyushwa tena. Kwanza soma kosa.

Mkia haukujaa? Kalibu ni baridi, ama plastiki ilipoa njiani. Ipashe kalibu joto kwa kumimina mara mbili tatu, kisha sukuma bomba polepole bila kusita.

Mgongo umebonyea? Plastiki hunywea ikipoa. Usichomoe bomba mbio. Endelea kukandamiza sekunde kadhaa ili iliyo moto ijaze pengo.

Kuna viputo? Ulikoroga kwa fujo, ama kuna unyevu. Kausha kila kitu. Tone moja la maji linaweza kukurushia uji moto usoni.

Imegeuka kahawia? Hiyo umeunguza, na haifufuki. Wengi hupikia karibu nyuzi 175 za Selsiasi, kwa hivyo kipimajoto si mapambo. Zima moto, toka nje: uji huu ni PVC, na moshi wake ukiungua una asidi inayochoma mapafu. Plastiki utanunua nyingine. Mapafu je?